Nyuki wa Nguzo za Baba

Baba aliwaua kwa mafuta ya taa. Alichukua sindano kubwa ya kudungia ng'ombe, akavuta mafuta kutoka kwenye kikombe cha bati, kisha akapita nguzo baada ya nguzo akitafuta matundu. Kila tundu lilikuwa duara kamili, kama limetobolewa na seremala kwa keekee, la kutosha kuingia kidole changu cha shahada. Chini yake, kwenye nyasi, palikuwa na unga wa mbao. Mimi nilikuwa darasa la sita na kazi yangu ilikuwa kushika kikombe. Baba akisukuma mafuta ndani, mngurumo ulisikika kutoka katikati ya mti, kama redio ya jirani, halafu kimya. Wengine walijikokota hadi mlangoni, weusi tititi, wenye mshipi wa manjano mgongoni, wamelowa chepechepe. Walianguka nyasini wakalala chali wakipiga miguu.

Nguzo zilikuwa 32, za bluugamu, na Baba alikuwa amezikata mwenyewe kwenye mpaka wa shamba letu la Bahati, hapa juu ya mji wa Nakuru, ng'ambo ya mgongo wa Menengai. Alizichimbia ili zibebe waya wa mipasheni ya Mama, ile mimea ya kutambaa inayozaa pasheni. Mtu aliyekata nguzo kwa shoka, akazibeba begani, akazichimbia futi mbili ardhini, hawezi kumwona mdudu akizitoboa na akanyamaza. Kwa hiyo sisemi haya kumlaumu. Hata mimi nilifurahi siku hiyo. Tulirudi nyumbani tukinuka mafuta ya taa, Mama akatuwekea chai, na Baba akasema nguzo zake sasa zitakaa miaka kumi.

Msimu uliofuata maua yalikuja mengi sana. Yalifunguka, yakafunga, yakanyauka, yakaanguka. Mama alikuwa akiyaokota chini ya waya kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika kiuno, akiyatazama kama mtu anayetazama barua iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua. Akasema udongo umechoka. Akaongeza samadi. Majani yakanawiri yakawa meusi kwa afya, na matunda yakawa ya kuhesabika. Ilinichukua karibu miaka 20 kukiunganisha kile kikombe cha bati na maua yale yaliyoanguka.

Hapa kwetu ukisema "matunda" bila kuongeza neno, muuzaji haulizi matunda gani. Anakupimia pasheni. Ukitaka yale mengine mekundu yenye umbo la yai unasema matunda damu, na embe ni embe, chungwa ni chungwa. Pasheni peke yake ndiyo iliyochukua jina la jamii nzima. Kamusi inasema karakara, na mmea wake mkarakara, neno ambalo nimelisikia likitumika vizuri na wenzetu wa Pwani. Ni neno tamu, linasikika kama mbegu zikitafunwa. Lakini Mama alisema mpasheni na mipasheni, nami nitasema vivyo hivyo.

Watu wengi wanaijua pasheni kwenye glasi tu, au kwenye kreti pale Wakulima Market. Mmea wenyewe ni wa ajabu. Ukiuona mchanga utadhani ni mboga: kijani kibichi, laini, majani mazima yasiyo na mikato. Ukikua, majani yanagawanyika sehemu tatu, na baada ya miaka miwili shina la chini linakuwa mti kabisa, la kijivu, lenye magamba, ukilipiga panga unasikia mbao. Ila ni mti usiojua kusimama. Ukiuondolea waya unalala chini kama kamba. Kila penye jani huchomoza kikono kimoja, chembamba kama uzi wa kushonea, kinachopapasa hewani hadi kiguse kitu. Kikigusa, kinajizungusha, na siku mbili tatu baadaye kimejikunja kama springi na kuuvuta mmea wote karibu na kile kilichoshikwa. Nimeona kikono kimeshika waya, kimeshika jani la mwenzake, kimeshika kamba ya kuanikia nguo na shati la shule likiwa bado liko pale.

Kuna kitu kingine ambacho lazima uinamie ili ukione. Pale jani linapoungana na kikonyo chake kuna vinundu viwili vidogo, kama vichwa vya pini, kimoja kila upande. Vinatoa utomvu mtamu. Siyo ua, ni jani, na bado linatoa utamu. Wanaokuja kuula ni sisimizi, nao wakishafika hapo huwasumbua wadudu wanaotaka kula majani. Mmea umeajiri walinzi na unawalipa kwa sukari. Nilikuwa na umri wa miaka 30 na zaidi nilipoonyeshwa vinundu hivyo, na nimekulia chini ya mipasheni.

Asili yake si huku. Pasheni ya zambarau ilitoka kusini mwa Brazil, Paraguay na kaskazini mwa Argentina, na hapa Kenya watu walianza kuilima kwa biashara miaka ya 1930. Mama hakununua mche. Alikula pasheni aliyopewa na jirani, akatema mbegu chache kwenye jerikani iliyokatwa mdomo, akaiweka nyuma ya jikoni.

Jina nalo lina safari yake, na mimi nililijua maana yake kanisani. Ijumaa Kuu moja Mama alikata ua lililofunguka asubuhi hiyo akalibeba kwenye bakuli la maji hadi kanisani, na katekista akalinyanyua mbele yetu watoto. Akatuambia tuhesabu. Petali tano na sepali tano za nyuma yake, kumi, nao ni mitume, ukiwatoa Petro aliyemkana na Yuda aliyemsaliti. Zile nyuzi za zambarau na nyeupe zinazozunguka katikati ni taji la miba. Vile vichwa vitano vyenye poda ya manjano ni majeraha matano. Juu kabisa, vile vitatu vyenye vichwa vya duara ni misumari. Na vile vikono vya kwenye shina? Hizo ni kamba za mijeledi. Wamisionari Wakatoliki walioliona ua la jamii hii huko Amerika ndio waliolisoma hivyo, na mwanzoni mwa karne ya 17 Giacomo Bosio aliandika habari zake huko Roma. Kwa hiyo "passion" iliyozaa "pasheni" yetu ni mateso ya Kristo. Carl Linnaeus alipoipanga mimea, mwaka 1753, akalihifadhi hilo katika Kilatini: Passiflora, ua la mateso.

Kwa mtoto, somo lile lilikuwa zito. Kwa miaka mingi sikuweza kuling'oa ua la pasheni kwa mchezo. Lakini nilipolitazama tena nikiwa mkulima, nikaona kwamba kile alichokiita misumari na majeraha ndicho hasa kilichotupokonya mavuno.

Shika ua la pasheni mkononi, litazame kwa ubavu. Vichwa vitano vya poda vimeinama, vinatazama chini. Juu yake, kwa kimo kama cha ukucha, ndiko iliko ile mitatu inayopokea poda; isipoipokea, hakuna tunda. Ua likifunguka mapema, hiyo mitatu imesimama wima, na saa zinavyosonga inajipinda polepole kushuka hadi ikaribie usawa wa vile vitano. Asali iko chini kabisa, kwenye kikombe kilichofunikwa na zile nyuzi. Sasa nyuki wa kawaida, huyu wetu wa mzinga, akija anapita chini kwa raha zake. Ni mdogo. Anakunywa, anakomba poda anayoitaka, mara nyingi anaondoka bila kugusa kule juu. Poda yenyewe ni nzito na inanata, upepo hauwezi kuibeba. Anayehitajika ni mnyama mwenye mgongo mpana, ambaye akiinama kunywa, mgongo wake unajaa ule mwanya wote, unapakwa poda na vile vitano, na kwenye ua la pili unaigusa ile mitatu.

Mgongo huo ni wa nyuki mweusi atoboaye mbao. Hatengenezi mzinga. Jike anatoboa tundu kwenye mti mkavu, anachimba njia ndani, anatia mkate wa poda na asali, anataga yai, anaziba kwa unga wa mbao, anaendelea na chumba kingine. Ana mwiba, lakini mpaka umshike mkononi ndipo akuchome. Yule dume anayekuja kuning'inia hewani mbele ya uso wako kana kwamba anakudai, hana mwiba kabisa. Nguzo kavu ya bluugamu, isiyopakwa rangi wala dawa, iliyo hatua tatu kutoka kwenye maua, ni nyumba ambayo asingeweza kuomba bora zaidi.

Tulikuwa tumewajengea nyumba, wakaja kutufanyia kazi, tukawachoma ndani.

Na siyo Baba peke yake. Mama naye alikuwa akinyunyizia dawa ya wadudu saa mbili, saa tatu asubuhi, umande ukishakauka, kabla jua halijawa kali. Ni saa nzuri kwa mgongo wa mtu aliyebeba pampu. Lakini ua la pasheni ya zambarau hufunguka alfajiri na kufikia saa sita mchana linajifunga, wala halifunguki tena kesho. Siku moja tu, tena nusu yake. Saa mbili, saa tatu asubuhi ndiyo saa ya soko, maua yote yako wazi na kila nyuki yuko kazini. Siku hizi nikilazimika kupiga dawa, napiga jua likishatua, na Mama huniuliza mbona najisumbua na tochi.

Dada yangu mkubwa ameolewa Kisumu, wanakaa upande wa Mamboleo, na yeye ana pasheni ya manjano. Haikuwa uamuzi wake. Mji wa Kisumu uko mita 1,100 na ushee juu ya bahari, na ile ya zambarau inapenda nyanda za juu kama zetu, Nakuru iko karibu mita 1,850. Kule joto la ziwani huwa linaichosha. Ya manjano ni kinyume: inapenda joto, tunda lake ni kubwa, maji yake mengi, ukali wake unakufanya ufumbe jicho moja. Tulikuwa tukibishana kwa simu. Mimi nampigia saa nne asubuhi nikisifia maua, yeye anasema yake bado yamelala. Ananipigia saa tisa kuniambia yamefunguka yote, mimi yangu yamefunga. Nilidhani anatania. Kumbe ndivyo: ua la manjano hufunguka karibu na adhuhuri na hukaa wazi hadi usiku. Mimea miwili ya jina moja, kila mmoja na saa yake.

Tena dada alihangaika miaka miwili bila tunda hata moja. Mmea ulikuwa umepanda mwembe hadi kileleni, maua tele, nyuki weusi wanakuja na kuondoka, tunda hakuna. Mama mkwe wake, mtu mwenye heshima yake na maneno machache, akamwambia, "Binti yangu, huo ni dume." Si dume, ila hakukosea sana. Mpasheni wa manjano haukubali poda yake wenyewe. Unataka poda ya mmea mwingine uliotoka mbegu nyingine. Dada alipanda wa pili kando ya choo cha nje, na msimu uliofuata shemeji alikuwa akiwagawia majirani kwa ndoo. Taasisi ya utafiti wa kilimo ya KARI, ambayo sasa ni KALRO, ilitoa aina za manjano zinazoitwa KPF 4, KPF 11 na KPF 12, na kama unaishi sehemu za chini zenye joto, anzia hapo badala ya kulazimisha ile ya zambarau.

Mwaka 2016 niliacha kazi ya dukani mjini nikarudi Bahati kulima pasheni kwa nguvu. Nilikuwa na akiba ya miche 200. Niliinunua kwa muuza miche wa kando ya barabara aliyeniapia kwamba yote imegraftiwa, yaani juu zambarau, chini shina la manjano. Niliamini kwa sababu kila mche ulikuwa na kipande cha nailoni kimefungwa shinani. Sikufungua hata mmoja kutazama. Chini ya nailoni hapakuwa na kovu lolote, ilikuwa shina moja tu la zambarau limefungwa kitambaa kama mtu asiye na jeraha aliyefungwa bendeji.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mzuri hadi nikanenepa. Miezi minane, tisa, tunda la kwanza. Madalali walikuja wenyewe hadi langoni na kupima kwa kilo, mzigo mwingine ukivuka mpaka kwenda Uganda. Mwaka wa pili, mwezi wa tano, baada ya mvua ndefu, mmea mmoja wa mstari wa chini ulinyauka kati ya Jumatatu na Alhamisi. Majani hayakugeuka manjano. Yalikuwa ya kijani, yamelegea tu, kama mboga iliyosahauliwa juani, na matunda yake yakining'inia vilevile. Niliumwagilia maji. Ukafa. Jirani yake akafuata.

Nililikata shina karibu na ardhi nikalipasua katikati kwa panga. Mbao ya mpasheni mzima ni nyeupe yenye ukijani kwa mbali. Hii ilikuwa na mistari ya kahawia, rangi ya chai ya rangi, imepanda kutoka kwenye mizizi kwa urefu wa mkono. Ni kuvu la fuzari. Linaingia kwa mizizi, linaziba mirija ya maji, mmea unakufa kwa kiu huku umesimama kwenye udongo uliolowa. Hakuna dawa ya kuliponya, na linakaa kwenye udongo miaka mingi. Mizizi ya pasheni ya manjano inaweza kulistahimili. Ndiyo sababu ya kugrafti, ndiyo sababu ya kile kitambaa cha nailoni nilichouziwa.

Iliyobaki niliimaliza mimi. Hili nalisema wazi kwa sababu naona wengine wakilifanya kila wiki. Mistari ya juu, ambako kuvu halikuwa limefika, baadhi ya mimea ilianza kuwa na majani yenye madoadoa ya kijani na manjano, yamekunjamana. Matunda yake yalikuwa madogo, yamepinda, magumu. Ukipasua, ganda ni nene kama la nazi changa na ndani kuna kijiko kimoja cha maji. Wakulima wanaita ugonjwa wa mbao, na ni virusi. Vinaletwa na vidukari, wale wadogo wanaojazana kwenye ncha changa, na nilikuwa nimepanda kunde katikati ya mistari nikawapa vidukari hao kitanda na chakula. Vinabebwa pia na kisu. Nilipogoa mistari yote kwa siku mbili kwa kisu kimoja, mmea mgonjwa, mmea mzima, mmea mgonjwa, bila kukifuta hata kwa jani. Na nilipoambiwa ng'oa, choma, sikung'oa. Kila mmoja ulikuwa na matunda machache na nikasema ngoja nivune haya kwanza. Kufikia Krismasi nilikuwa nimevuna haya kwanza kwenye shamba zima.

Miezi mitatu sikutaka kupita upande ule. Nilikuwa nikizunguka kwa njia ya mahindi.

Aliyenirudisha ni dada. Niliwatembelea Kisumu, na wakati wa kuondoka akanipa ndoo ya lita 20 imejaa pasheni za manjano. "Hizi siyo za kula," akasema. "Kula utakula kwenu. Hizi ni mizizi." Nikaishika ndoo ile magotini ndani ya matatu kutoka Kisumu, tukaupita mpunga wa Ahero, tukapanda Kericho kwenye baridi na chai, hadi Mau Summit. Pasheni iliyoiva ikikaa kwenye gari lililofungwa madirisha, kila abiria anajua. Mama mmoja aliyekaa nyuma yangu aliomba moja, nikampa tatu.

Mzee mmoja wa Njoro anayegrafti miche kwa maisha yake yote alikubali nikae kwake siku nne. Hakutumia kisu. Alitumia wembe mpya, na kila baada ya mche mmoja aliufuta kwa kitambaa chenye spiriti, hata kama mche ulikuwa mzima, hata kama alikuwa anaongea. Mbegu za manjano tulikuwa tumeziosha, tukazipanda mapema, na miche ikawa imeshakaa miezi mitatu na zaidi hadi shina likawa unene wa penseli. Kisha unakata kichwa chake, unapasua katikati ya shina kwenda chini, sentimita tatu hivi. Kutoka kwenye mpasheni wa zambarau uliouchunguza na kuujua, siyo wa kuokota, unachukua ncha yenye macho mawili au matatu, unapunguza majani nusu, unachonga mwisho wake kama kabari. Mikato miwili tu, akasema, usirudie. Kabari inaingia kwenye ufa, ganda likutane na ganda angalau upande mmoja. Unafunga kwa utepe.

Ilikuwa baada ya Agosti 2017, mifuko ya plastiki imeshapigwa marufuku, na zamani alikuwa akifunika kila mche kwa mfuko ili unyevu usitoke. Akawa anatumia chupa za maji zilizokatwa kitako, zile angavu. Kitalu chake chote kilikuwa chupa zilizopinduliwa, mamia, zina jasho ndani, na asubuhi jua likizipiga huwezi kutazama.

"Kijana," aliniambia siku ya mwisho, "ukishapanda, hiki kidonda kisiguse udongo. Ukikifukia umerudi ulikotoka." Kwa maana ile sehemu ya zambarau ikigusa ardhi inatoa mizizi yake, na kuvu linaingia kwa mlango ule ule. Siku hizi napita kila mstari baada ya mvua kubwa, nafukua shina palipojaa matope. Ni kazi ya kuinama, na naifanya mwenyewe.

Katika miche 60 ya kwanza niliyografti kwa mkono wangu, 41 ilishika. Jumapili moja niliketi na Baba chini ya waya, anamenya njugu, nikamweleza habari ya ua: poda nzito, mgongo mpana, mwanya. Nikamwonyesha kwa kidole. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Wale weusi?" akauliza.

"Ndio, wale weusi."

Akaendelea kumenya njugu. Hatukulizungumzia tena.

Kuhusu kula nitasema machache, maana hapa kila mtu ana yake. Sokoni wanataka ganda laini linalong'aa, wanalikataa lenye kunyanzi. Hasara ni yao. Pasheni ya zambarau iliyoanguka yenyewe na kukunjamana kidogo ndiyo tamu kuliko zote, na Mama alikuwa akituma watoto kuokota kila jioni kabla panya hawajafika. Ile ya kijani usiile, ikiwa changa ina sumu. Na kama unasaga kwenye blenda, zungusha mara moja mbili uzime, halafu uchuje. Ukiziponda mbegu, juisi inakuwa chungu na unaanza kuilaumu sukari.

Mwaka juzi nguzo za Baba zilianza kuvunjika. Miaka yote hiyo, na zilivunjika kwa kuoza mguuni, pale ardhi inapokutana na mti, siyo juu kwenye matundu. Nilinunua mpya, zilizotiwa dawa kiwandani, zenye rangi ya kijani. Hizo nyuki hawazipendi. Vijana wa kazi waliziondoa za zamani na kuzirundika mwisho wa mstari, na nilikuwa nimewaambia wazipasue kuni. Niliporudi kutoka mjini jioni, kuni hazikuwapo. Baba alikuwa amezipanga nguzo zile kavu juu ya mawe mawili ili zisiguse unyevu, zimeelekea upande wa maua, na juu yake ameweka bati kuukuu la banda la kuku, akalikandamiza kwa tofali.

Jirani yetu alipita akaziona, akauliza kama anaweza kuchukua mbili tatu za kupikia, maana zimekauka vizuri.

"Hapana," Baba akamwambia. "Hizo zina wenyewe."